Injini ya Mark II ya Zamani Itahimili Nguvu Farasi Ngapi?

SWALI: Ndugu mhariri, ninamiliki Toyota Mark II GX100 ya mwaka 1997, yenye injini ya 1G-FE ya lita mbili isiyo na turbo. Ninaitumia kati ya Mtwara na Lindi, na mara moja moja huenda nayo Dar es Salaam. Fundi mmoja ameniahidi kwamba akinifungia turbo iliyotumika, gari litafikisha nguvu farasi 300 bila injini kufunguliwa. Je, itahimili?
Msomaji, Mikindani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, haitahimili, na ninakusihi usimlipe fundi huyo hata malipo ya awali kabla ya kuisoma sababu.

Injini yako ilitoka kiwandani na nguvu farasi 140, zilizopimwa kwenye injini yenyewe kabla sehemu yake haijapotelea kwenye giaboksi na difu. Toyota waliwahi kutengeneza ndugu yake wa turbo mbili, 1G-GTE, mwenye silinda sita na lita mbili vilevile. Alianza na nguvu farasi 185, na toleo la baadaye likafika 210. Ili aweze kubeba turbo hizo, walimpunguzia mgandamizo, yaani kiasi ambacho pistoni hubana hewa ndani ya silinda, hadi 8.5 kwa 1, ilhali wa injini yako ni wa juu zaidi. Wapo waliovuka farasi hao 210, lakini walibadilisha kwanza pistoni, konrodi (mikono inayoshika pistoni) na mfumo wa mafuta, kazi ambayo fundi wako anasema haihitajiki.

Kinachoua injini ni shinikizo na joto ndani ya silinda. Turbo ikisukuma hewa kwa nusu baa tu (baa ni kipimo cha shinikizo), silinda hupokea hewa inayokaribia mara moja na nusu ya ile iliyozoea, na petroli isipoongezwa kwa kiasi hichohicho, mchanganyiko hujilipukia wenyewe kabla ya wakati wake. Hapo utasikia injini inagonga kama kokoto ndani ya kopo. Kingo za pistoni humeguka, gasketi ya hedi huungua, na hatimaye injini hunoki. Joto la pwani yetu linazidisha hatari hiyo, kwa sababu hewa inayoingia tayari ni ya moto, na rejeta nyingi za magari ya huku mapezi yake yameshaliwa na chumvi. Kagua yako kwa mkono: mapezi yakipukutika unapoyagusa, badilisha rejeta kwanza.

Kisha pima mgandamizo. Injini iwe ya moto, plagi zote sita zitolewe, petroli ikatwe, na mtu akanyage pedeli ya mafuta hadi mwisho wakati stata inazungusha. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi baa moja. Ikitokea silinda moja iko chini, mimina humo kijiko kimoja cha oili na upime tena: kipimo kikipanda, ringi zimechoka; kikibaki palepale, shaka iko kwenye valvu au gasketi. Injini iliyoshindwa kipimo hiki haifai kuongezewa chochote, hata filta ya mbwembwe.

Ikifaulu, kwa maoni yangu ukomo wako ni takribani nguvu farasi 180, kwa turbo ndogo isiyozidi nusu baa, kipoza hewa ya turbo (intercooler), nozeli kubwa zaidi za petroli na kompyuta iliyopangwa upya na mtu mwenye vifaa vya kupima mchanganyiko. Gharama hiyo ni kubwa kwa nyongeza ya farasi 40, nami nisingeitoa. Kama kweli unazitamani 300, tafuta injini nyingine ya Toyota, 1JZ-GTE ya turbo na lita 2.5, ambayo kiwandani ilitoka na 280, pamoja na giaboksi na breki za gari ililotoka, maana breki za GX100 yako zilikusudiwa nusu ya nguvu hizo.

Ukishapima, tuandikie namba za silinda zote sita kwa mpangilio, ya kwanza ikiwa ile ya upande wa rejeta, nasi tutakueleza zinasema nini.