Ukienda Starocherkassk, usirudi siku hiyohiyo

Wiki iliyopita kijana mmoja anayesoma udaktari Rostov, kule kusini mwa Urusi, aliniandikia: "Shikamoo dada. Ulituhimiza twende Starocherkassk, kijiji cha Wakosaki, tumekwenda. Kanisa, mizinga ya vita ya zamani, sumaku za kubandika kwenye friji, kisha basi. Mbona sikuona ulichokiona wewe?"

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako umenichoma, maana najua kilichokupata. Mimi pia safari ya kwanza nilipelekwa hivyohivyo. Kwa wasiowajua, Wakosaki ni jamii ya wapiganaji wa farasi wa kusini mwa Urusi, na kijiji hiki chao kiko kando ya mto Don.

Nilisoma Rostov kabla ya vita hii ya Ukraine. Kiangazi kimoja tulijikusanya wanafunzi wa Kiafrika, tukalipa ofisi moja ya utalii ya mjini, wakatuahidi siku nzima kijijini. Tulifika jua limeshapanda, tukapewa kiongozi mwenye kibendera, akatukimbiza kanisani huku akiongea na simu yake. Tulipotoka uwanjani, watu wa basi jingine wakanivisha kofia kubwa ya manyoya bila kuniomba, wakapanga foleni kupiga picha na mimi. Nikamwangalia kiongozi wetu anisaidie. Akacheka, akasema nivumilie, ni dakika moja tu. Miaka imepita lakini kicheko kile bado kinaniuma. Nililipa kama mgeni, nikafanywa pambo la wageni wengine. Halafu tukaambiwa muda umekwisha.

Nilirudi bwenini nimenuna. Mwenzangu wa darasani, msichana wa hukohuko Don, akaniambia: hujaiona Starocherkassk, umeonyeshwa tu. Akampigia simu shangazi yake anayepokea wageni nyumbani kwake. Mwisho wa Agosti nikapanda basi la kawaida linalopita mji mdogo wa Aksay, nikaenda kulala kijijini, kama kilomita 30 kutoka Rostov.

Hapo ndipo safari yangu ilipoanza.

Nyumba ya mama yule ilikuwa kuren, yaani nyumba ya asili ya Wakosaki wa Don. Chini ni matofali, dari fupi, giza na ubaridi. Huko huhifadhiwa mapipa, mboga na nyavu. Watu wanaishi juu, kwenye ghorofa ya mbao, na varanda nyembamba ya mbao inaizunguka. Nilidhani varanda ile ni ya kupungia upepo. Mama akanishika mkono, akanionyesha nguzo moja ya pembeni. Bibi yake alikuwa akifunga mtumbwi pale. Kila majira ya kuchipua mto Don ulifurika, kijiji kikawa kisiwa, na mtu akitaka kwenda kwa jirani au kanisani alishuka varandani akaingia chomboni. Mafuriko yalipungua baada ya bwawa la Tsimlyansk kukamilika mwaka 1952, lakini nyumba zimebaki zimeinuka vilevile, zinayasubiri maji ambayo siku hizi huja mara chache.

Ukielewa maji, umeelewa kijiji chote. Starocherkassk haikuwa kijiji. Ilikuwa Cherkassk, makao makuu ya Wakosaki wa Don tangu 1644. Wanaume walikutana uwanjani, wakamchagua ataman, yaani mkuu wao, na vita iliamuliwa palepale. Mwaka 1805 ataman Matvei Platov, mzaliwa wa hapohapo, alichoshwa na mafuriko, akahamishia makao makuu mlimani, mji mpya ukaitwa Novocherkassk. Wakubwa wakaondoka na ofisi zao na fedha zao. Wengi huona huko ni kufa kwa mji. Mimi naona ndiko kulikouokoa, kwa sababu pasipo na fedha hakuna anayekuja kubomoa nyumba ya babu yako ajenge yake. Mwaka 1970 serikali ilipounda hifadhi ya makumbusho pale, bado kulikuwa na kitu cha kuhifadhi: nyumba za mawe zenye kuta nene za karne ya 18, kasri la ukoo wa Efremov uliotoa maataman, na Kanisa Kuu la Ufufuo lililojengwa kati ya 1706 na 1719, lenye kuba tisa.

Kanisani nilikwenda asubuhi na mapema, kabla ya mabasi. Wanawake huingia wamefunika kichwa na kuvaa sketi, na mlangoni kuna kapu la vitambaa vya kuazima. Mimi nilikuwa na doti ya kanga kwenye begi. Moja nikajifunga kiunoni juu ya suruali, moja nikajitanda. Mzee aliyekuwa akifagia ukumbini aliiangalia sana, akauliza maandishi yale yanasema nini. Nikamtafsiria. Akaweka ufagio chini, akanipeleka hadi kwenye mnyororo.

Ule mnyororo unaning'inia ukutani, pete zake nene kuliko kidole gumba changu. Husimuliwa kwamba ndio aliofungwa Stepan Razin, Mkosaki aliyeongoza uasi mkubwa dhidi ya tsar, yaani mfalme wa Urusi. Mwaka 1671 Wakosaki wenzake, wale wenye mali, walimkamata, wakamweka Cherkassk, kisha wakamsafirisha hadi Moscow akauawa. Mzee aliniambia taratibu kwamba waliomfunga na waliomlilia walisali chini ya paa moja. Yule kiongozi wa kibendera alikuwa amesema: "Huu ni mnyororo wa Razin, tuendelee."

Nje kuna malango ya chuma ya ngome ya Azov, ambayo Wakosaki waliiteka kutoka kwa Waturuki mwaka 1637 wakaishikilia hadi 1642. Watalii hupiga picha hapo wakicheka. Lakini vita zile zilileta na watu. Mateka wa Kituruki na Kitatari waliletwa Cherkassk, wengine wakakombolewa na ndugu zao kwa fedha, wengine wakauzwa, na wanawake wengi wakaolewa hapohapo. Mimi ni mzaliwa wa Bagamoyo. Nilipoyasikia hayo nilikaa kwenye ngazi za kanisa muda mrefu, kwa sababu kwetu pia tumekua tunapita kila siku mahali ambapo watu waliuzwa, na tumezoea. Mwenyeji wangu hakuona haya kulizungumza. Alisema ana macho ya Kituruki, na anajua yametoka wapi.

Wala msiniambie Wakosaki ni ngoma na farasi tu. Watsar waliwatumia kupiga watu waliogoma na kuandamana, na mwaka 1919 Wabolsheviki, wakomunisti waliowapindua, nao waliwaua Wakosaki kwa wingi kwenye Don hiyohiyo. Kwenye meza ya mama yule picha ya babu mmoja ilikatwa mabega kwa mkasi, ili vyeo vyake visionekane. Mambo hayo huambiwi na mtu uliyekutana naye kwa dakika arobaini. Unaambiwa usiku, vyombo vimeshaoshwa.

Jumamosi tulishinda uani. Ulikuwa msimu wa matikiti, na wao huyapika. Juisi ya tikiti huchujwa, ikawekwa kwenye sufuria pana juu ya kuni, ikachemshwa kutwa bila sukari hata chembe. Asubuhi ni nyekundu, saa tisa ina rangi ya kahawia, jioni ni nyeusi na nzito. Mama alikuwa anadondosha tone kwenye sahani na kuiinamisha. Likitiririka, bado. Likishika mahali pake, tayari. Wanaiita nardek. Nilipewa mwiko nikakoroga zamu yangu kama binti wa nyumba, na kweli aliniita binti. Mpwa wake akaleta kamba wa mtoni, wakachemshwa na chumvi na majani ya shibiti, na supu ya samaki ikatiwa nyanya, maana supu ya Don bila nyanya hawaitambui.

Usiku majirani wakaja wakaimba. Mmoja huanzisha kwa sauti nzito, wengine humpokea, kisha sauti moja nyembamba hupaa juu ya wote bila kutamka neno. Wakaniomba na mimi. Nikaimba wimbo wa kumbembeleza mtoto alionifundisha bibi yangu, na wakaupokea kwa sauti zao, hawajui hata neno moja! Najivunia usiku ule kuliko cheti changu chochote.

Kwa hiyo mdogo wangu, na wengine wote mnaopenda kutembea mkaone dunia, ushauri wangu ni kulala kijijini. Fika Ijumaa. Jumapili ya mwisho ya mwezi, kati ya Mei na Septemba, huwa kuna sherehe za Wakosaki uwanjani, nyimbo, mavazi, farasi. Ni nzuri, itazame, lakini iwe umeshalala pale na watu wanakufahamu. Mimi Jumapili ile nilitokea uwanjani nimeongozana na mama mwenyeji, na hakuna aliyethubutu kunivisha kofia. Alisimama mbele yangu mikono kiunoni, akawaambia: muombeni kwanza. Heshima hiyo hainunuliwi kwa tiketi ya basi la watalii. Kula wanachokula. Uliza nguzo ile ni ya nini. Koroga sufuria. Na ulale.

Vijana wetu tunapenda kuhesabu miji tuliyofika, picha tatu, tumemaliza. Acheni hiyo tabia. Watu wa pale wamekifufua kijiji chao kwa kufungua vyumba vyao na majiko yao, na fedha ya chumba inaingia mfukoni mwa mama anayekupikia. Fedha ya basi la watalii inarudi mjini na basi.

Jambo moja silifichi. Rostov iko karibu na mpaka wa Ukraine, na tangu Februari 2022 hali si ile niliyoishi mimi. Wasiliana na ubalozi wetu Moscow kabla ya kutoka nje ya mji. Tembea na pasipoti na karatasi za usajili wako. Usipige picha daraja, askari wala gari la jeshi. Na mtu akikuletea mkataba wa kazi wa fedha nyingi ulioandikwa Kirusi usichokielewa, usitie saini, hata akiwa Mtanzania mwenzako. Nakusihi kama dada yako.

Vingine ni vidogo. Beba dawa ya mbu, wa bonde la Don ni wakali kweli. Mpelekee mwenyeji kahawa ya Kilimanjaro, ya kusaga, wala usimpe siku ya kuondoka. Mpe ukifika, mnywe pamoja. Na basi la Jumapili jioni hujaa wanaotoka kwenye sherehe, kwa hiyo wahi kituoni, la sivyo utasimama hadi Aksay.