Re: Mass Effect ya diski inagoma kwenye kompyuta mpya

Mkuu, diski yako haina kosa. Gemu la Mass Effect la PC la mwaka 2008 lilifungwa kwa SecuROM, yaani programu ya kuzuia gemu lisinakiliwe, na leseni moja inaruhusu kompyuta 3 tu. Wewe unasema hii ni ya nne, basi nafasi zimekwisha. Mwanzoni hata ukilifuta gemu, nafasi hairudi. Inaniuma sana: mtu umelipa pesa yako halali, halafu unaomba ruhusa ya kucheza kilicho chako! Na mpango wa awali ulikuwa mbaya zaidi, gemu lijihakiki kwa intaneti kila siku 10. Wachezaji walipiga kelele hadi ukafutwa kabla halijatoka. Mwaka 2009 EA, kampuni iliyochapisha gemu hili, walitoa programu ya kurudisha nafasi. Kompyuta ya zamani kama bado inawaka, anzia huko kwa kutumia programu hiyo.