Damu ya farasi na kidonda kisichosikia dawa

SWALI: Daktari, kaka yangu ni bodaboda hapa Arua. Alianguka goti likachanika, sasa kidonda kina miezi miwili. Maabara wamesema bakteria ni sugu. Kuna mtu anauza seramu (maji ya damu) ya farasi ya kupaka na kudunga, anasema wataalamu wa nje wamethibitisha inaua bakteria sugu. Ni kweli?

JIBU: Pole ya mgonjwa, dada. Kilichoonekana ni hiki: chembe sahani za damu ya farasi, zile zinazosaidia damu kuganda, zikitengwa, kisha zikapasuliwa kwa kugandishwa kwa baridi na kuyeyushwa, maji yake huwa na protini ndogo zinazodhoofisha bakteria, hata baadhi ya sugu. Madaktari wa mifugo Marekani wameyajaribu kwenye viungo vya farasi vilivyoambukizwa, pamoja na antibiotiki iitwayo amikacin, si badala yake. Farasi kwa farasi.

Linalonikera ni watu kuruka kutoka hapo hadi kwenye damu yenyewe. Sisi maabara tukitaka bakteria waote vizuri, tunawawekea damu! Ya kondoo, au ya huyo huyo farasi, kama asilimia 5 kwenye kisahani. Asubuhi unakuta vidoti vya manjano vya stafilokoka, bakteria wa kawaida wa vidonda, kila kimoja na pete angavu pembeni: wameshapasua chembe nyekundu na kujilia. Huyo muuzaji anawapelekea chakula mlangoni.

Sindano ndiyo mbaya zaidi. Protini ya farasi yaweza kumbana mtu pumzi palepale, au baada ya wiki hivi ikaleta homa, vipele na maumivu ya viungo. Dawa nyingi za sumu ya nyoka hutoka kwa farasi, nasi huzitoa adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, ikiwa karibu. Mwaka 1901, St. Louis, Marekani, watoto 13 walikufa kwa pepopunda baada ya kudungwa seramu ya kutibu dondakoo iliyotoka kwa farasi mwenye pepopunda. Na ile ilikuwa seramu halisi! Hii ya sokoni, chupa haina lebo, imepigwa jua kutwa. Hapa Uganda farasi wenyewe ni wa kuhesabu, huyu wake anamfuga wapi?

Wauzaji hao ndio wanaokukatia vidonge vinne vya antibiotiki ukiwa na shilingi kidogo, kisha tunashangaa usugu umetoka wapi.

"Sugu" si sugu kwa kila dawa. Karatasi ya maabara ina orodha ya dawa na herufi S (dawa inawaweza bakteria hao) au R (wao ni sugu kwake). Mpelekee daktari, aangalie zenye S. Na goti lipigwe eksirei. Kama mfupa umeshaingiliwa, hakuna cha kupaka kitakachoufikia.