Ukiokoka, Rudisha Ulichochukua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Jumamosi usiku nilipokea ujumbe wa kijana mmoja wa Geita. Jina lake nalificha, lakini ameniruhusu niseme habari yake. Alikuwa ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, na mizani yake alikuwa ameichezea, kila anayekuja kuuza anapoteza pointi mbili tatu za uzito bila kujua. Mwezi wa nne ameokoka. Mizani ameitupa. Sasa ananiuliza: "Mama, wale niliowapunja nifanyeje? Nimemuuliza mtumishi, ameniambia damu ya Yesu imeshafuta, nisiangalie nyuma. Lakini silali."

Nilimjibu kwa kifupi usiku uleule. Jibu lenyewe ni refu, na linapita katikati ya maisha yangu. Nililisimulia kwenye kikundi cha akina mama mara moja tu, likaniletea maneno, nikafunga mdomo. Leo nalisema lote.

Wengi mnaonisoma ni wafanyabiashara kama mimi. Mnataka meza iwe fremu, fremu iwe duka la jumla, watoto wasome, na mbinguni mfike. Na mimi nilitaka hivyohivyo. Nilianza dagaa mwaka 2014 kwa mtaji wa kuazima. Alfajiri niko Kirumba mwaloni, soko la samaki hapa Mwanza, saa mbili niko mezani kwangu katika soko moja la mtaani. Anayeijua biashara hii anajua kwamba mwezi ndio unaotutawala. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, taa zinawashwa juu ya maji nao wanaufuata mwanga. Ikiingia mbalamwezi mitumbwi inalala ufukweni, mzigo unakuwa haba, bei inapanda. Mteja naye anataka bei ya wiki iliyopita. Siku hizo za mbalamwezi nilikuwa nakula mtaji.

Mama mmoja mwenye uzoefu akanionea huruma. Wakati ule niliiita huruma. Akaja nyumbani jioni, akachukua sado yangu mpya, kile kindoo cha plastiki cha lita nne tunachopimia, akaishika kitako kikielekea jiko la mkaa, akawa anaizungusha polepole mpaka plastiki ikalainika na kung'aa. Akaifudikiza sakafuni, akachukua mchi wangu wa kutwangia, akakikandamiza kitako kiingie ndani, akashikilia pale huku midomo yake ikihesabu, kisha akamwagia maji. Ile harufu ilikaa jikoni hadi asubuhi. Kwa nje huoni kitu, ukingo wa chini umesimama vilevile. Ukiingiza mkono ndani ndipo vidole vinakutana na kichuguu.

Kuanzia siku hiyo nikawa na sado mbili. Nzima nilipimia mzigo nikinunua kwa akina mama wanaoanika. Ile ya kichuguu ilikaa mezani. Nikaizoea haraka kuliko nilivyotegemea. Mwezi wa kwanza moyo unadunda mteja akiinama kuangalia, mwezi wa pili unadunda kidogo, wa tatu haudundi tena.

Na nilikuwa mhazini wa kikundi cha akina mama kanisani. Naomba mlielewe hili vizuri, maana ndilo linaloniuma hadi leo. Kila Jumapili nilikuwa natoa fungu la kumi bila kukosa. Nilikuwa naketi Jumamosi usiku na daftari, napiga hesabu ya mauzo ya wiki, natenga sehemu ya Bwana kwenye bahasha, naandika jina langu kwa mwandiko mzuri. Nilikuwa namtolea Mungu fungu la kumi la wizi, tena nikisubiri madirisha ya mbinguni yafunguke.

Kilichonishika hakikuwa mahubiri. Mwaka 2019 binti yangu alikuwa darasa la nne, wanasoma ujazo, lita na mililita. Mwalimu amewaambia wapime vyombo vya nyumbani. Nikamkuta uani na chupa ya maji ya nusu lita, anajaza na kumimina kwenye sado. Sado ya kwanza iliingia chupa 8, akaandika. Akachukua ya pili. Chupa ya nane haikuingia, maji yakamwagika miguuni pake. Akayamwaga yote, akarudia. Chupa 7. Akaniita: "Mama, hii ya kuuzia ina kosa. Ile ya kununulia ndiyo sawa."

Ya kuuzia na ya kununulia. Mtoto alikuwa ameyasikia maneno hayo kinywani mwangu asubuhi ngapi, nikimwambia lete ile, acha ile. Nilimwambia aandike lita 4 kwa zote mbili. Hilo nalo nilifanya. Nilimfundisha mwanangu kuandika uongo kwenye daftari la shule ili mimi nisiaibike.

Usiku ule nilifungua Kumbukumbu la Torati 25, kuanzia mstari wa 13. Nilikuwa nimewahi kuusoma bila kuusikia. Mungu anamkataza mtu asiwe na mawe mawili ya kupimia mfukoni, kubwa na dogo, na mstari unaofuata unasema asiwe na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo. Nyumbani mwake! Kimoja changu kilikuwa chini ya meza na kingine nyuma ya mlango. Ukisoma mpaka mstari wa 15 utakuta ahadi ya siku nyingi katika nchi kwa mwenye kipimo cha haki. Ahadi kama hiyo tunaikariri kwa watoto kwenye amri ya kuwaheshimu baba na mama. Kumbe Mungu ameiweka na kwenye kipimo cha sokoni. Hilo sijawahi kulisikia likihubiriwa, na nimekaa makanisani miaka mingi.

Nikaikata sado kwa kisu. Nikaenda kwa kiongozi wangu wa kiroho, nikamweleza yote huku nalia. Alinisikiliza vizuri, akaniombea, akasema nimesamehewa, nisirudi nyuma kuchimbua. Sina ugomvi naye. Ila niseme ukweli, aliniumiza kwa wema wake. Nilitoka pale mwepesi, nikakaa mwepesi siku tatu, ya nne uzito ukarudi palepale.

Maana dagaa za watu nilikuwa nimekwisha kuzila. Zilikuwa bati juu ya nyumba yangu.

Miezi iliyofuata siisimulii yote. Mauzo yalishuka, nikakopa, nikalipa. Nikamweleza jirani yangu sokoni kwa nini nimebadilisha sado, nikidhani nitamjenga. Alinijibu, "Kwa hiyo unawaambia wateja sisi ni wezi?" Hajanisalimia mpaka leo, na tumewahi kula sahani moja. Kwenye kikundi nikatoa ushuhuda, wiki mbili baadaye uhazini nikaambiwa nipumzike. Hela ya kikundi sikuwahi kugusa hata shilingi. Hilo nalirudia kila nikipata nafasi, mnisamehe, bado linauma.

Sasa sikia, kijana wangu, na wewe mwingine unayesoma ukiwa na lako moyoni. Kusamehewa ni jambo moja na kurudisha ni jingine, na Biblia haijawahi kuyachanganya. Soma Walawi 6. Mtu aliyemdhulumu mwenzake anarudisha kitu chenyewe kamili na kuongeza sehemu ya tano juu yake, anampa mwenyewe, siku ileile anapoleta sadaka yake ya hatia. Bwana Yesu naye akasema kwenye Mathayo 5, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane na ndugu yako. Kwanza. Zakayo pale Yeriko hakuombwa na mtu. Alisimama mwenyewe akasema, "ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne." Baada ya maneno hayo ndipo Yesu akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Damu inafuta hatia yako kwa Mungu. Haijazi mfuko wa yule mchimbaji uliyempunja.

Mimi wateja wa rejareja sikuweza kuwapata, nani atamkumbuka mtu wa sado moja mwaka 2016? Lakini kuna mama mmoja wa Sengerema, mtu mzima, alikuwa anavuka na kivuko mara mbili kwa mwezi kuja kununua kwangu akauze kwao. Sado 16 kila safari. Nikakaa na daftari lilelile la fungu la kumi. Kila sado 8, moja ilibaki kwangu, kwa hiyo sado 2 kila safari, 4 kila mwezi, kwa miezi 48. Sado 192. Kwa bei ya wastani ya wakati ule, 6,000, ni shilingi 1,152,000. Ongeza sehemu ya tano, 230,400. Jumla 1,382,400. Ya Zakayo niliipigia hesabu pia, ikaja zaidi ya milioni nne na nusu, nikafunga daftari.

Niliweka kidogokidogo kwenye kopo. Ilinichukua muda mrefu, na hata ilipotimia sikwenda. Nilikuwa najiambia kivukoni Kigongo kuna foleni, nitapoteza siku nzima, meza nitamwachia nani. Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, gari linapita bila kusimama. Siku naona picha za magari yakivuka, wenzangu wanashangilia, mimi nilijua kisingizio changu kimekwisha.

Agosti nikapanda basi stendi ya Nyegezi. Katikati ya daraja nilitazama chini, maji yametulia, nikatamani safari iwe ndefu.

Nilimkuta sokoni, kwenye meza yake ya dagaa, amezeeka. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, akanitazama, akanikumbuka. "Mayu, wewe wa Mwanza!" Nikaomba tukae pembeni. Nikamweleza, kitako, jiko, mchi, hesabu, yote. Nikamkabidhi bahasha.

Akakaa kimya, kisha akasema, "Mimi nilikuwa najua."

Nikashindwa kusema neno.

"Nilikuwa napima tena nikifika nyumbani. Kila safari zinapungua mbili. Kwako zilikuwa mbili, kwa wengine zilikuwa tatu. Ndiyo maana nikabaki kwako."

Akafungua bahasha, akahesabu pale mbele yangu, noti kwa noti, akilowesha kidole. Alipofika mwisho akauliza hizi za juu ni za nini, nikamwambia za Walawi 6. Akazikunja zote pamoja, akazifunga kwenye pindo la kitenge. Akaja mteja, akainuka kumhudumia. Alimpimia sado ikafurika, akaongeza konzi moja juu. Aliporudi aliniuliza kama nimekula, nikasema ndiyo, tukaagana. Hakusema amenisamehe.

Nilisubiri neno hilo, wapendwa. Nilisubiri hadi stendi, nikidhani atamtuma mtoto anifuate. Nimerudi Mwanza bila hilo neno na bado sinalo. Lakini nimelala. Usiku ule nililala mpaka nikachelewa mwaloni.

Kwa hiyo kijana wangu, usiende ili uambiwe umesamehewa. Nenda ukarudishe. Kaa chini uandike majina unayoyakumbuka, leo, kabla hujayapunguza kichwani. Anza na yule unayemwogopa kuliko wote, maana ukimwacha wa mwisho hutamfikia. Nenda peke yako. Usiende na mchungaji, usiende na kwaya, usimfanye aliyeumia kuwa ushuhuda wako. Usitoe maelezo ya maisha magumu, yeye pia maisha yalikuwa magumu, tena magumu zaidi kwa sababu yako. Mpe hela, kaa kimya, mwache aseme anachotaka. Akikutukana, pokea. Huna zote? Peleka ulizo nazo na mwambie zilizobaki utaleta lini, kisha zilete siku hiyo.

Na wale usiowapata, au waliokufa? Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinalijibu hili. Kama aliyedhulumiwa hana ndugu wa kupokea, malipo yanakuwa ya Bwana, anapewa kuhani. Lakini angalia mpangilio, ndugu wanatangulia. Tusikimbilie kapu la sadaka kwa sababu kapu halituulizi maswali. Mchimbaji aliyekufa ana mjane. Mtafute.

Mithali 11:1 inasema, "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa BWANA, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Siku hizi kuna mizani zinazokaguliwa na Wakala wa Vipimo na kupigwa chapa, na ni jambo jema, wapendwa, tununue hizo na tuzitumie. Ila sado bado ziko mezani kwetu, na mkaguzi wa sado ni wewe na Mungu wako. Wewe dada unayeloweka maharage yaongezeke uzito, wewe kaka unayepunguza mafuta kwenye pampu, wewe unayechanganya mchanga kwenye dagaa, Jumapili usiniimbie pambio kwa sauti kubwa. Kaa kwanza na daftari.

Binti yangu sasa ni mkubwa. Niliporudi kutoka Sengerema nilimwita, nikamwambia kwamba mwaka ule yeye ndiye aliyepima sawa, zilikuwa chupa 7. Akasema anakumbuka. Akasema mwalimu alimpa vema, na yeye alijua ile vema si ya kweli.

Kijana wa Geita, namba yangu unayo. Ukishaenda kwa wa kwanza kwenye orodha yako niandikie, hata kama ni usiku wa manane. Wiki hii ni giza, mitumbwi imetoka yote, mimi saa kumi na moja niko Kirumba, nitausoma ujumbe wako hapo.