Kumuaga mbwa mzee uliyemwokoa

Popi alifika kwetu akiwa mbwa mzima tayari, shingoni ana kovu la kamba, na akiona mtu ameshika ufagio anajificha. Umri wake daktari wa mifugo aliukadiria kwa kuangalia meno. Nawaandikia wenye mbwa kama yeye, ambao sasa wamezeeka. Siku ya mwisho, ya daktari kumdunga sindano ya kumlaza moja kwa moja ili asiteseke zaidi, ipangeni mapema, mkiwa bado na akili tulivu, ili isije ikafanana na mateso mliyomtoa.

Mbwa huficha maumivu, na aliyewahi kuteswa, kwa ninavyoona mimi, huyaficha zaidi. Usisubiri alie. Mwangalie usiku: anahema ilhali amelala tu? Analamba kiungo kilekile kila mara? Anazungukazunguka ndani, au anasimama kuukodolea macho ukuta? Hizo ni habari za kumpelekea daktari. Na tafadhali, usimpe dawa zako za maumivu. Ibuprofeni humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake, na parasetamoli inaweza kumuua.

Kilichotusaidia kuamua ni kipimo alichokitunga daktari wa mifugo wa Marekani, Alice Villalobos, mwaka 2004. Unatoa alama 0 hadi 10, 10 ikiwa hali nzuri kabisa, kwa mambo saba: maumivu, kula, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema bado zinazidi mbaya. Jumla ikizidi 35, maisha yake bado yana nafuu. Andika kila mtu peke yake, halafu mlinganishe.

Kwa Popi, alama ya kula haikushuka kabisa, na hilo lilituchanganya. Iliyoshuka ni ya usafi. Alikuwa akijikojolea palepale alipolala, kisha anarudisha masikio nyuma na kujibana ukutani, akitutazama kama anayesubiri kipigo. Miaka yote ile hatukuwahi kumpiga. Nilipoona woga wa zamani umerudi kwa sababu ya mwili usiomtii, nilijua muda umefika, hata kama bakuli lilikuwa linaisha.

Kama daktari anaweza kuja nyumbani, mwombe aje. Popi aliogopa gari na meza ya chuma, kwa hiyo alidungwa akiwa juu ya godoro lake. Omba dawa ya kumtuliza itangulie, na hiyo ya mwisho ifuate akiwa ameshasinzia. Mara nyingi ni pentobarbitali, inayoingizwa kwenye mshipa wa mguu, na moyo husimama ndani ya dakika chache. Fahamu mapema kwamba macho hubaki wazi, mkojo unaweza kutoka, na huenda akavuta pumzi mara moja au mbili baada ya moyo kusimama. Hapo hateseki tena. Asipojua hayo, mtu anaweza kubaki na picha mbaya kichwani kwa miaka.

Kaa upande wa kichwa chake, umwongeleshe kwa sauti aliyoizoea. Najua wapo wanaoshindwa kubaki chumbani, siwalaumu, ila basi abaki mtu mwingine anayemjua.

Malipo na mazishi vimalizwe kabla ya siku hiyo. Ukimzika mwenyewe, kwanza uliza kama inaruhusiwa, kisha chimba shimo refu sana: dawa ile hubaki mwilini na inaweza kumuua mnyama atakayeufukua mzoga.

Watoto waambieni wazi kwamba amekufa na hatarudi. Mbwa mwingine wa nyumbani, kama yupo, aruhusiwe kunusa mwili. Wetu alinusa, akaondoka, kisha kwa siku kadhaa akawa analisusa bakuli. Tulimlisha saa zilezile na kumtembeza njia ileile mpaka akarudia hali yake.

Na wewe ukilia kazini, lia. Atakayekwambia ni mbwa tu, usibishane naye. Tafuta aliyemjua mbwa wako, mkae mumzungumzie.