Kabla Hujaandika Tena "Marekebisho Mbalimbali"

Jumatatu iliyopita, katika ofisi yetu hapa Kisumu, kijana mmoja tunayempenda sana aliniletea toleo 3.4.0 la programu ya kupokea maziwa ili nilipitie kabla halijatoka. Msimbo wake, yaani maagizo ya programu aliyoyaandika, ulikuwa safi, majaribio yote yalikuwa yamepita, na maelezo ya toleo yalikuwa na maneno mawili tu: "Marekebisho mbalimbali." Mwaka huu nimeletewa maneno hayo na watu watatu, wote hodari wa kazi, na nimeona heri niwaandikie ninyi watengenezaji wa programu yale ninayoyarudia mezani kila mara, kwa sababu kosa hili nililifanya mwenyewe na najua liliishia wapi.

1. Namba ya toleo ni ahadi. Nyote mnaujua utaratibu wa namba tatu ulioandikwa na Tom Preston-Werner, mmoja wa waanzilishi wa GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo: ya kwanza hupanda unapovunja kitu ambacho wengine wanakitegemea, ya pili unapoongeza bila kuvunja, ya tatu unaporekebisha hitilafu. Mkiamshwa usiku wa manane mtaukariri. Lakini ikifika zamu ya kupandisha ile ya kwanza mnaingiwa na haya, kana kwamba kutoa 4.0.0 ni kukiri kwamba 3 ilikuwa mbovu. Si aibu hata kidogo. Namba ya kwanza ikipanda, mtengenezaji aliye Eldoret ambaye hajawahi kukuona anajua kwamba asisasishe kabla ya kusoma. Ukilificha badiliko hilo kwenye namba ya kati, umemwambia kuwa njia ni ileile ilhali daraja umelihamisha.

2. Unaweza kuvunja kazi ya mtu bila kubadilisha jina la kitu chochote. Hapa naomba mnivumilie nikawie.

Katika mwaka wangu wa pili kazini nilikabidhiwa kiolesura, yaani njia ambayo programu nyingine huchukulia data, kilichotoa rekodi za maziwa kutoka vituo vya ukusanyaji vya chama kimoja cha ushirika upande wa Nandi. Uga, yaani nafasi ya taarifa moja, ulioitwa "kiasi" ulitoa lita. Vituo vilipopata mizani ya kidijitali, vipimo vilianza kuingia kwa kilo, na kwa kuwa lita moja ya maziwa ina uzito wa takriban kilo 1.03, msimbo wetu uligawanya kila kipimo kwa 1.03 ili kurudisha lita. Niliona hiyo ni kazi ya bure. Nikauondoa mstari huo, nikapandisha namba ya mwisho pekee, kutoka 2.1.6 hadi 2.1.7, na katika orodha ya mabadiliko nikaandika: "Usahihi wa vipimo umeboreshwa." Niliamini kwamba nimesema kweli. Jina la uga lilikuwa lilelile, aina ya data ileile, na hakuna jaribio hata moja lililolalamika.

Mtengenezaji wa programu ya malipo ya chama hicho alikuwa Nakuru. Aliyasoma maelezo yangu, akaona hayamdai chochote, akasasisha. Programu yake ikaendelea kuizidisha namba ile kwa bei ya lita, ambayo wakati huo ilikuwa shilingi 45. Mkulima aliyepeleka lita 12 kila siku kwa siku 30 alistahili shilingi 16,200; alilipwa 16,686. Shilingi 486 kwa mtu mmoja hazishtui, na ndiyo maana miezi miwili ilipita kabla mhasibu hajaona kwamba hesabu ya chama kizima haifungi. Chama kikaamua kuikata pesa hiyo katika malipo yaliyofuata.

Nilitumwa kituoni kueleza. Ilikuwa asubuhi, watu wamepanga foleni na mitungi yao ya maziwa, na mama mmoja akatoka kwenye foleni akanifungulia daftari lake lenye jalada la buluu. Lilikuwa na safu tatu zilizopigwa kwa rula na kujazwa kwa penseli: tarehe, asubuhi, jioni. Chini ya kila ukurasa alikuwa amejumlisha kwa mkono, na jumla zake zote zilikuwa sahihi, kwa lita. Kando ya daftari akaiweka karatasi ya malipo. Makato ya chakula cha ng'ombe aliyajua, ya uhimilishaji aliyajua, ya akiba aliyajua. Kidole chake kilisimama kwenye mstari wa nne: "Marekebisho, 972." Akaniuliza, "Marekebisho ya nini, mwanangu? Nimekosea wapi?"

Nilimwambia kwamba hakukosea mahali popote, kwamba kosa lilikuwa langu, na nikamweleza habari ya lita na kilo hadi akaridhika kwamba daftari lake halina dosari. Pesa yenyewe ilikuwa imekwisha kukatwa, na karo ya shule ilikuwa inangoja. Yule mwenzetu wa Nakuru alikuwa amekesha siku kadhaa akitafuta hitilafu katika msimbo wake ambao haukuwa na hitilafu, huku chama kikimtuhumu. Aliponipigia simu hakugomba. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini sikuandika neno "kilo"? Herufi nne.

Njia iliyo sawa ilikuwa kuuacha uga wa "kiasi" ukiendelea kutoa lita, kuongeza uga mpya wa "kiasi_kilo" katika 2.2.0, kutangaza kwamba ule wa zamani utaondolewa, kutaja tarehe, na kuuondoa katika 3.0.0 na si kabla ya hapo. Kazi hiyo ingenichukua alasiri moja.

3. Toeni muda, kisha muutaje. Python ni lugha ya kuandikia programu; toleo lake la 3 lilitoka Desemba 2008, na Python 2 ikaendelea kutunzwa hadi mwanzo wa 2020, baada ya tarehe ya awali ya 2015 kusogezwa mbele, kwa sababu watu walikuwa na msimbo mwingi uliokuwa bado haujahama. Sisi hatuhitaji miaka kumi na moja, lakini wiki moja haimtoshi mtu mwenye wateja wake na ratiba yake. Kwetu nimezoea kuacha mizunguko mitatu ya malipo. Tarehe iandikwe kwa jina la mwezi, kwa maana 03/04 husomwa kwa namna mbili.

4. Wasomaji ni wawili, kwa hiyo maelezo ni mawili. Mtengenezaji anataka kujua ni uga gani umebadilika, kutoka nini kuwa nini, na afanye nini. Karani wa kituo hana haja ya kusikia kwamba tumehamia hifadhidata nyingine. Anataka kujua kwamba kitufe cha "Hifadhi" sasa kiko juu ya skrini. Nasema hivyo kwa kuwa kiliwahi kuhamishwa kimyakimya, na karani mmoja akatupigia simu saa kumi na mbili asubuhi akiwa na foleni hadi barabarani, na maziwa hayangoji. Google Play inawapa herufi 500 za kueleza mapya, na ujumbe mfupi wa simu ni herufi 160. Zote zinatosha mkianza na jambo ambalo karani atalikuta kesho asubuhi.

5. Toleo 1.10 huja baada ya 1.9, kwa kuwa namba ya pili ni kumi, si moja, na mtumiaji anayedhani limerudi nyuma ajibiwe kwa heshima.

6. Toleo lililokwisha kutoka haliguswi. Ukikosea, toa jingine.

7. Msitoe chochote siku ya malipo, wala Ijumaa jioni.

Nirudi kwa kijana wetu. Tuliifungua 3.4.0 pamoja, na ndani ya hayo "mbalimbali" tukakuta ameondoa uga wa "simu_ya_pili", ambao programu mbili za watu wengine huusoma kila usiku. Hakujua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia, na hilo ni deni letu sisi tuliomtangulia. Ameurudisha uga huo, ameandika kwamba utaondoka katika 4.0.0, na jana mchana alikuwa kwenye simu na mmoja wa wale watengenezaji wawili, akimuuliza ni tarehe gani itamfaa.