Kabla Hujatia Saini

Wete, Pemba

Mwanangu Salma,

Wa alaikum salaam. Umeniuliza kama yanayoonyeshwa kwenye vipindi vya rialiti, kama vile vya watu kuishi nyumba moja mbele ya kamera, ni kweli, na kama utie saini mkataba wa kushiriki waliokuletea.

Mara nyingi washiriki hawapewi maneno ya kusema. Hadithi hutungwa baadaye, kwenye kompyuta ya mhariri. Kamera moja ikiwaka usiku na mchana hutoa saa 24 za picha, na nyumba huwa na kamera nyingi. Mtazamaji hupewa saa moja tu. Hapo ndipo mtu hugeuzwa mkorofi au mpole. Maneno ya Jumatatu huwekwa juu ya picha ya Alhamisi, na nusu za sentensi mbili huungwa zikawa moja. Ukisikia mtu anasema lakini unaonyeshwa kisogo chake, au uso wa anayemsikiliza, basi huenda pale pameungwa. Kwenye mahojiano ya peke yako wanaweza kukutaka uvae nguo ile ile kila mara, ili kiungo cha siku mbili kisionekane.

Kwa hiyo ukiulizwa jambo, jibu kwa sentensi fupi yenye sababu yake ndani. Mtayarishaji akikwambia, "Hebu sema humuamini fulani," usiseme. Swali lake litafutwa, maneno yatabaki yako, na kesho yake yatakuwa kwenye simu za ukoo mzima.

Najua unamfikiria Idris Sultan, aliyeshinda Big Brother Africa mwaka 2014 akapata dola 300,000. Ni haki yake. Lakini mshindi ni mmoja, na wenzake wote nao walitia saini.

Kwenye mkataba, kifungu cha kukata na kupanga upya picha zako hutakiondoa. Bila hicho hawana kipindi. Jadili vyenginevyo: posho ya kila wiki, miezi mingapi utazuiwa kufanya kazi kwengine, faini ya kutoa siri, na nani atalipia mshauri wa afya ya akili ukishatoka. Khasa faragha, mwanangu: unavaa wapi, unasali wapi, maiki unaivua lini. Yote yaandikwe. Ahadi ya mdomo ya aliyekusajili haitakufaa, kwani mikataba hii huwa na kifungu kinachosema makubaliano ni yale yaliyoandikwa tu.

Usitie saini siku hiyo hiyo hata wakikuharakisha. Mwoneshe wakili kwanza, nami nitumie kurasa zote pamoja na viambatisho.

Mama yako